Bangili Isiyokatika

Fundi wa hospitali, yule anayenyoosha vitanda na kuzibua mabomba, aliendesha msumeno wa chuma juu ya bangili mpaka jasho likamdondokea mgonjwa. Kisha akauinua msumeno na kuutazama kwenye mwanga wa dirisha. Meno yote yalikuwa yamelala. Kwenye bangili palibaki mkwaruzo mwembamba kama unywele. Akauliza hiki ni chuma gani. Hakuna aliyemjibu, ingawa chumbani mle alikuwamo mtu aliyejua jina la chuma kile, aliyejua kimeundwa kwa kazi gani, na aliyelijua hata kabati linamofungiwa gurudumu la kukikatia. Mtu huyo alikuwa mume wa mgonjwa. Alisimama pembeni, mikono nyuma, akisoma tangazo la chanjo ukutani kwa makini kama anayejiandaa kwa mtihani.

Mgonjwa alikuwa mshonaji. Asubuhi ile aliteleza kwenye ngazi iliyomwagiwa maji ya sabuni, akajikinga kwa mkono wa kushoto, na mfupa ukavunjika karibu na kiganja. Watu huvunjika kila siku, wakafungwa, wakapona. Lakini juu kidogo ya mvunjiko ilikaa bangili nzima, isiyo na pengo wala bawaba, na mkono ulianza kuumuka kuizunguka kama unga uliotiwa hamira. Nesi alijaribu sabuni, akajaribu mafuta, akajaribu kuuzungushia uzi. Akajaribu mkasi mdogo wa kukatia pete, nao ukajikunja ncha. Vidole vilikuwa vimeshavimba na kung'aa, na rangi yake ilikuwa inaelekea kwenye ile ya maini.

Daktari alipita mara moja. Akaubonyeza ukucha wa kidole cha kati, akasubiri wekundu urudi. Haukurudi. Akazungumza kama mtu anayetozwa kwa kila neno.

"Hapa kitakatwa kimoja. Chuma au mkono. Ikifika jioni sitauliza tena mnataka kipi."

Akaondoka. Mshonaji hakulia. Alimtazama mumewe, akaendelea kumtazama, na mume akaendelea na tangazo la chanjo.

Fundi wa hospitali alirudi na grenda ya mkononi. Walichomeka vitambaa vilivyoloweshwa chini ya bangili, wakamshika mabega, grenda ikalia. Cheche zilikuwa chache na za rangi ya kutu, si zile nyingi nyeupe za chuma cha kawaida. Chuma hiki hakitawanyi joto, hukaa nalo palepale lilipoingilia. Kabla gurudumu halijazama unene wa kucha, mahali pale pakawa pekundu, vitambaa vikatoa moshi, na mshonaji akatoa sauti ambayo watu wa wodi ya jirani waliacha mazungumzo yao kuisikiliza. Fundi akazima mashine. Nusu ya gurudumu ilikuwa imekwisha na bangili ilikuwa ndiyo kwanza imeguswa. Akasema yeye amekata nondo, amekata reli, lakini chuma cha namna hii hajapata kukiona, na asilaumiwe. Mume akamshukuru sana kwa kujaribu. Hilo ndilo neno la kwanza alilolisema tangu aingie.

*

Kazi ya mume ilikuwa kuunganisha chuma kwa chuma bila moto. Kiwanda chao kilipokea injini za ndege zilizochoka. Shafti iliyolika mwishoni ilikatwa kipande kibovu, ikaungwa kipande kipya. Aloi zile za nikeli zimeundwa zikae tumboni mwa injini, mahali ambapo chuma kingine kingelegea kama mshumaa, na kwa sababu hiyo hiyo ukizichomelea kwa njia ya kawaida hupasuka zikipoa. Basi kipande kimoja hufungwa kisitikisike, cha pili huzungushwa kwa kasi, halafu vinakutanishwa na kugandamizwa. Vinasuguana mpaka nyuso zinawiva. Ule ulaini unasukumwa nje pamoja na uchafu wake wote, unajikunja kuizunguka shafti, na vyuma viwili vinabaki kimoja. Ule uliojikunja mafundi waliuita ukosi, kwa kuwa umekaa kama ukosi wa shati.

Ukosi ndio uliosema kama kazi imefaa. Ukitoka mzima, duara sawasawa bila mwanya, kiungo kinapelekwa kupimwa kwa matumaini. Ukitoka na pengo, kipande kinatupwa na mwendesha mashine anakwenda kujieleza. Kwa hiyo mafundi walikuwa na desturi yao. Mtu akipata kibali cha kuendesha ile mashine, ukosi wa kiungo chake cha kwanza kilichopasi haukuchongwa ukawa vipande. Mkerezaji, fundi wa kuchonga vyuma, aliutoa mzima kwa mkono wa taratibu, akausugua mpaka ukang'aa, na mwenyewe akaenda nao nyumbani kumvisha mkewe au mama yake. Sonara yeyote angewaambia wakate mwanya kidogo, kwa sababu mikono hunenepa na mikono huvunjika. Lakini mafundi wa pale wangeona aibu. Ukosi wenye mwanya ni kazi iliyoharibika. Angewezaje mtu kumvisha mkewe kazi iliyoharibika? Wakawavisha wake zao pingu, wakapiga vigelegele.

Zamani wakubwa walijua na wakafumba macho. Alipokuja meneja wa sasa, ambaye mafundi walimbatiza Mizani, kila unga wa chuma ulipimwa jioni na pipa la mabaki likatiwa kufuli. Mwaka wake wa kwanza alimfukuza mfagiaji aliyekutwa na kipande kimekwama kwenye soli ya kiatu. Mzee wa watu alikivua kiatu mbele ya lango, akaondoka na kimoja mguuni. Mafundi waliokuwapo waliangalia saa zao. Na juu ya meza ya Mizani mwenyewe ulikaa ukosi mkubwa, umepakwa rangi ya dhahabu, unashikilia kalamu.

*

Mama wa mume alimkuta mwanawe kwenye varanda ya hospitali. Mama huyu aliishi nao na alimpenda mkamwana wake kwa namna ya watu wasiosema, yaani alimgombeza kila siku na kumwekea nyama ya juu. Ndiye aliyemwokota kwenye ngazi. Alijipanguza mikono kwenye khanga, akamwuliza mwanawe kama ile bangili siyo ile aliyoileta mwenyewe kutoka kazini. Mwana akakubali. Akamwuliza kama huko kazini hawakati vyuma vya namna ile kila siku. Mwana akasema wanakata, ila mashine yenyewe imefungwa sakafuni, haibebeki.

"Basi si umpeleke mkeo."

"Wataiona bangili, mama."

Mama alimtazama mwanawe kama anayetazama sufuria ya chakula kilichochacha, akijiuliza kama kuna kinachoweza kuokolewa humo. Mwana akaanza kueleza. Akaeleza kuhusu pipa na kufuli. Akaeleza kuhusu mfagiaji. Akasema kibali chake kinaweza kufutwa, na kikifutwa hakuna kiwanda kingine kinachofanya kazi ile, itabidi arudi kuchomelea mageti. Akasema pengine uvimbe utashuka. Akasema amesikia kuna sindano.

"Wewe ulijua toka saa ile yule kijana analeta msumeno," mama akasema. "Ukamwacha amchome."

"Mama, sikumwacha, mimi..."

"Mimi nilizaa mtoto wa kiume hospitali hii hii. Nenda kawaulize kama hawakunibadilishia."

Akaingia ndani, akamwinua mkamwana wake, akamwambia nesi waufunge mkono kwa banzi, wanakwenda na watarudi. Mshonaji hakuuliza wanakwenda wapi. Alikuwa analijua jibu toka asubuhi. Alichokuwa anasubiri ni nani atalitamka, akalingojea kwa mumewe, likatoka kwa mama mkwe.

*

Kiwandani mgeni hapiti langoni bila viatu vya kazi vyenye chuma puani. Mlinzi alisema hivyo kwa huzuni ya kweli, maana yeye pia alikuwa na mke. Mshonaji alikuwa amevaa kandambili. Wakatafuta, wakapata buti za mwanamume mnene aliyekuwa likizo, na mama mkwe akapiga magoti kumfunga kamba. Wakamvisha kofia ngumu, ikamfunika macho. Halafu kanuni ikataka apitishwe kifaa cha kukagulia vyuma. Kifaa kikalia kilipofika mkononi, mlinzi akamwuliza kama amebeba chuma chochote. Mshonaji akauinua mkono wake, vidole vitano vyeusi vilivyosimama kama vya sanamu, akamwonyesha. Mlinzi akaandika "ndiyo".

Msimamizi wa karakana alikuja kuwapokea. Huyu waliomzoea walimwita Ndiyo Bosi, na hata msibani hakupata kusikika akisema hapana. Alipoiona bangili alirudi nyuma hatua, kana kwamba aloi huambukiza. Mkewe alikuwa nayo kama hiyo, na dada yake nyingine. Alisema jambo hili limemzidi kimo, lazima apande juu kwa mkubwa. Mume, aliyewafuata nyuma tangu hospitali, akamshika mkono, akamwomba kama ndugu yake, kwamba gurudumu la almasi lipo hapo hatua chache, maji yanapita juu yake, ni kazi ya kufumba na kufumbua, mkubwa atakuja kuambiwa baadaye. Ndiyo Bosi alijibu kwamba angependa sana. Akapanda juu.

Mizani alishuka na simu sikioni. Ilikuwa simu ya maana, maana alikuwa ameinama. Watu wa aina yake hawainami mbele ya mtu aliyesimama nao, lakini hewani huinama mpaka tai inagusa magoti. Alimwomba mtu wa upande wa pili ampe leo tu, leo hii tu, shafti inaungwa alasiri, mtu wake mwenye kibali yupo, ndege itaruka kama ilivyoahidiwa, amwamini, amwonee huruma. Mshonaji alikuwa amekaa kwenye kreti karibu na mlango. Akamsikiliza kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Mtu mwenye kibali alikuwa mmoja. Mwenzake wa zamu ya pili kibali chake kilikwisha, na Mizani alikataa kumlipia mtihani wa kukihuisha, akisema mashine moja haihitaji wapanda farasi wawili. Kwa hiyo alasiri ile, katika kiwanda kile chote chenye kuta za bati, mageti, walinzi na kamera, mikono miwili tu ndiyo iliyoweza kuiokoa ahadi ya meneja. Na mwenye mikono hiyo alikuwa amesimama mbele yake, kofia kifuani, akiomba samahani.

Mizani aliitazama bangili kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama mkono. Alisema kilo fulani zimekuwa zikikosekana tangu zamani na wakubwa wa juu wanamdai yeye maelezo. Alisema wenye ndege wana sharti lao, hawaruhusu mtu mwenye kesi ya wizi aguse shafti yao. Aliyasema yote mawili kama msiba uliompata yeye. Halafu akamvuta mume kando, ingawa si mbali kiasi cha kutosikika.

"Nikiandika umeiba wewe, leo huendeshi mashine. Nisipoandika mtu, nimeiba mimi. Unaniona nilipo?"

Mume akasema anamwona.

"Sasa nisaidie nikusaidie. Ukosi ulinasa kwenye nguo zako za kazi. Ukaenda nazo kufuliwa. Mkeo akauona, akauficha, akauvaa. Wewe hukujua."

"Lakini mzee, anauvaa kila siku."

"Hukujua ni wetu. Wewe ni mwanamume, vipuli na bangili utavijulia wapi?"

Ndiyo Bosi akacheka kidogo, kwa kuwa mkubwa alikuwa ametania.

Huo ndio ulikuwa wakati. Mume hakuhitaji kupiga kelele wala kupiga mtu. Alihitaji kukaa chini kwenye kreti kando ya mkewe, akunje mikono, aseme: kateni, ndipo nitaunga. Mizani angekata kwa meno. Lakini mwanamume yule alikuwa amezoea kwa miaka kuwa ni yeye anayekihitaji kiwanda, na mazoea ya namna hiyo humfanya mtu awe kiziwi wa hiari. Aliuliza kama mkewe atafungwa. Mizani akasema hapana, hapana, nani afunge mama wa watu, ni jina tu la kujaza nafasi. Akaongeza kuwa ayaseme mwenyewe, kwa sauti, mbele ya msimamizi, walinzi na mafundi waliopo, ili kusiwe na maneno baadaye.

Mafundi walikusanywa. Walikuwa kama kumi na wawili, wenye glovu mikononi, na majumbani mwao kulikuwa na bangili zisizopungua nane. Mkerezaji alikuwapo, yule aliyeutoa ukosi ule kwenye shafti kwa mkono wake, akausugua siku mbili, akaimba siku ya kuvishwa kwake. Aliitazama bangili kama anayeona kitu kigeni kutoka nchi ya mbali.

Mume akasema. Alianza kwa sauti ndogo, Mizani akamwomba aongeze. Akaongeza.

"Bangili hii mke wangu aliichukua kwenye nguo zangu za kazi. Mimi sikujua."

"Aliichukua au aliiba?" Mizani akauliza, kwa upole wa mtu anayerekebisha hesabu ya mtoto.

"Aliiba."

Mama yake alitoka nje. Hakuaga, hakutukana. Alikwenda kusimama juani karibu na lango, mgongo kwa jengo, na mlinzi aliyetaka kumpa kiti akaona afadhali anyamaze.

Mizani akamgeukia mshonaji, akamwuliza kama ana la kusema. Kofia ilikuwa imemteremkia puani. Aliisukuma juu kwa mkono mzima, akawatazama mmoja mmoja, wale waliokunywa chai kwake, wale aliowashonea watoto wao sare bila kulipwa kwa wakati. Mwishoni akamtazama mumewe.

"Kateni kwanza," akasema. "Aliyoyasema nimeyasikia."

*

Kukata kwenyewe kulikuwa kazi ya muda wa kuchemsha maji. Mkerezaji alichomeka kibati chembamba kati ya bangili na ngozi, akafungulia bomba la kipozeo, maji meupe kama maziwa yakamwagika juu ya mkono na juu ya gauni na ndani ya buti za mwanamume mnene. Gurudumu jembamba likashuka. Halikulia sana. Likapita upande mmoja, wakageuza mkono, likapita upande wa pili, na bangili ikafunguka vipande viwili vikaanguka kwenye trei. Mkerezaji hakuinua macho wakati wote. Alinong'ona pole, shemeji, kwa sauti iliyofichwa vizuri nyuma ya kelele za pampu, ili iwe imesemwa na isiwe imesikika.

Damu iliporudi vidoleni ndipo mshonaji alipolia. Ilirudi kama maji ya moto yanayomiminwa ndani ya glovu. Mizani aliviokota vipande kwa kitambaa, akavipeleka kwenye mizani, akasoma, akasikitika. Alitarajia vizito zaidi.

Mume alikuwa amemwinamia mkewe, amemshika bega, anamwambia imekwisha, imekwisha, sasa twende hospitali. Ndiyo Bosi akakohoa nyuma yake. Akasema mkubwa anauliza, kwa kuwa shafti imeshafungwa kwenye mashine, na mgonjwa yuko na mama, na gari lipo nje. Mume akanyooka. Akatazama mlango, akatazama mashine. Mtu asiyemjua angesema anafikiri.

"Tangulieni," akamwambia mkewe. "Nitawakuta."

Alivaa glovu. Kipande kikazunguka, shafti ikasukumwa, vyuma vikalia pamoja, vikawiva, na ukosi ukajikunja polepole kuizunguka shafti, mzima, sawasawa, bila mwanya. Wote waliokuwapo wakakiri kwamba ni kiungo kizuri kuliko vyote vya mwaka ule. Mizani alimpiga bega. Mkerezaji akauchonga ukosi ukawa vipande vidogo, vikafagiliwa, vikapimwa, vikafungiwa.

*

Mkono haukukatwa. Daktari alisema wana bahati, kwa lawama kidogo, kama watu waliomsumbua bure. Plasta ilipotolewa, kidole kidogo na cha pete viligoma kukunjika. Mshonaji akajifunza kuongoza kitambaa kwa kiganja na vidole vitatu. Mishono yake ya kona, iliyokuwa ikisifiwa, ikawa mishono ya mtu yeyote.

Nyumbani hawakugombana. Mume alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, amepanga majibu yake yote, na hakupata mtu wa kumjibu. Mama yake alihamisha sahani yake, akawa anakula jikoni. Mke alimpakulia, alimfulia, alimwitikia. Ila wateja walipokuja na vitambaa vyao, wakaona kovu la moto na vidole vilivyonyooka, wakauliza mama kulikoni, alikuwa anajibu bila kuinua uso.

"Niliiba bangili kiwandani. Mume wangu hapo ndiye shahidi."

Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Wengine walimtazama mume, naye akageukia dirisha. Ilipofika mara ya tatu au ya nne, alimfuata mkewe jikoni, akafunga mlango. Akamwambia anamdhalilisha. Akasema maneno yale yalikuwa ya kule, ya siku ile, ya kuokoa mkono wake mwenyewe. Akauliza alitaka afanye nini.

"Yule bwana alikuwa anaomba kwenye simu," mke akasema. "Nimekaa pale mkono umekufa, namsikia anaomba. Anasema mtu wangu yupo, nionee huruma. Mtu wake ni wewe. Hukusikia?"

Mume akasema kulikuwa na kelele.

Alikuwa amesikia. Alisikia kila neno, kama mtu anavyosikia mvua inayonyesha kwenye shamba la mwingine. Haikumjia kabisa kuwa inamhusu, na hata sasa, mlango umefungwa na hakuna meneja, ilimtisha kulifikiria wazo hilo hadi mwisho. Akafungua mlango akatoka.

Siku ya mapumziko akaja mke wa Ndiyo Bosi kuchukua nguo za harusi ya mdogo wake, magauni kadhaa na mashati ya watoto. Alikuja mikono mitupu, mtu aliyezoea kuvaa bangili hata sokoni, na mahali ilipokaa palikuwa bado na alama nyeupe. Akaketi, akasifu rangi ya pazia. Kisha akasema amesikia maneno, na yeye hapendi maneno, lakini mtu akinyamaza watu huongeza chumvi, basi ni kweli yale wanayoyasema?

Mshonaji akaondoa mguu kwenye cherehani. Mashine ikanyamaza. Safari hii hakujibu. Aliweka mkono wake mbovu juu ya kitambaa, akamtazama mumewe aliyekuwa mlangoni na trei ya chai, akangojea. Mama mkwe naye akatokeza kutoka jikoni, akasimama. Chumba kizima kilikuwa kimemwachia nafasi. Kukana kungefika kiwandani kabla ya jua kutua, hilo kila mtu alilijua, na mke wa Ndiyo Bosi alilijua kuliko wote.

"Ni kweli," mume akasema. "Yameshapita lakini."

Mshonaji akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mteja aliyeambiwa bei ileile aliyoitarajia. Akazikunja nguo, akazipanga mezani, akazisukuma mbele ya mgeni.

"Basi, dada, uko nyumbani kwa mwizi. Hesabu nguo zako kabla hujaondoka."

Mke wa Ndiyo Bosi akacheka sana. Akasema jamani, shoga yangu, una maneno wewe. Akanywa chai yake mpaka ikaisha. Kisha akavuta meza karibu, akalifungua gauni la juu, akalitazama huku na huku, akaliweka kando, akachukua la pili. Akazihesabu zote, moja moja, mpaka shati la mwisho, na mume akamshikia mfuko.